Pombe ya Sherehe Isiharakishwe



Msimu wa sherehe una jambo moja ambalo hatujalizingatia vya kutosha: huangukia wakati wa joto. Kwa familia nyingi za Kilimanjaro, Desemba na Januari ndiyo miezi ya watoto kurudi nyumbani kutoka mijini. Ndiyo miezi ya arusi, ya ubatizo na ya ukoo kukutana. Ndizi mbivu huchemshwa kwa wingi, kimea cha ulezi husagwa, na kila kijiji husikia harufu ya mbege. Lakini ndiyo miezi pia ambayo jua la mchana kule tambarare hupita nyuzi 30 za Sentigredi. Maana yake ni kwamba mbege ya kunywewa na watu wengi hupikwa wakati ambapo ni vigumu kuipika vizuri.

Maoni yetu mwezi huu ni haya: anayepika pombe nyumbani hana budi kulitawala joto la chombo kinachochachua, kama anavyoutawala moto wa jikoni. Pombe iliyoachwa ichachuke katika joto la ovyo ni pombe isiyojulikana. Mpishi hajui ukali wake, mnywaji hajui anachokunywa, na mwenye sherehe hajui wageni wake watafikaje nyumbani. Tunasema pia kwamba sehemu kubwa ya ovyo huo inatokana na haraka, na haraka hiyo mara nyingi si ya mpishi bali ni yetu sisi tunaomwagiza.

Wapo watakaoshangaa kuona ukurasa wa afya unaeleza mambo ya kupika pombe. Tunawaelewa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitamka wazi kwamba hakuna kiasi cha kilevi kinachoweza kuitwa salama kabisa kwa afya. Asiyekunywa asianze kwa sababu ya makala haya. Mama mjamzito asionje hata kidogo, wala mtoto, wala mwenye ugonjwa wa ini, wala anayetumia dawa za kifua kikuu. Lakini mbege inapikwa, tuseme tusiseme. Kunyamaza kwetu hakumzuii mtu kupika, kunamzuia tu asipike kwa uangalifu. Kwa hiyo tuseme.

NINI HUTOKEA NDANI YA CHOMBO

Kila mama anayepika mbege anazijua hatua zake. Ndizi zilizoiva huchemshwa kwa saa nyingi mpaka zigeuke rangi. Hupozwa, kisha huachwa siku kadhaa zichachuke. Baadaye huchujwa, na maji yake huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi, ule tuuitao mso. Wengine huongeza gome la msesewe ili kupata uchungu. Mchanganyiko huo hulala usiku, na kesho yake huwa tayari.

Katika hatua hizo moto wa kuni hufanya kazi mwanzoni tu. Kazi iliyobaki hufanywa na chachu. Zamani watu walidhani kwamba pombe huchachuka yenyewe tu, kama chuma kinavyopata kutu. Katika miaka ya 1850 na 1860 mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alionyesha kwamba kuchachuka ni kazi ya viumbe hai vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Chachu ni kiumbe hai. Hula sukari iliyomo katika ndizi na kimea, hutoa kilevi, hutoa gesi ile inayofanya povu, na hutoa joto.

Hilo la mwisho wengi hawalijui. Chombo kinachochachua hujipasha joto chenyewe. Pipa kubwa lililojaa linaweza kuwa na joto la nyuzi kadhaa zaidi ya hewa ya chumba lilimowekwa. Mpishi akisema, "Chumba changu si cha joto sana," atakuwa ametaja hali ya chumba, wala si hali ya pombe. Aliguse pipa lenyewe ndipo ajue.

Kwa kuwa chachu ni hai, ina joto inalolipenda. Viwanda vingi vinavyotengeneza bia ya kuchachuka haraka huiweka kwenye nyuzi 18 hadi 22. Bia ile ya kuchachuka polepole huwekwa kwenye ubaridi zaidi, nyuzi 8 hadi 13. Chachu za pombe zetu zimezoea joto la nchi hii, na hufanya kazi vizuri hata kwenye nyuzi 25 na zaidi kidogo. Kwa upishi wa nyumbani tunashauri tubaki kati ya nyuzi 20 na 28. Chini ya nyuzi 15 chachu husinzia. Ikifika nyuzi 35 huanza kutaabika, ikipita 40 kazi yake husimama au huharibika, na kuanzia nyuzi 50 hivi hufa.

JOTO LIKIZIDI

Madhara ya joto lililozidi ni mengi, lakini tutaje manne.

La kwanza ni ladha kali. Chachu inayofanya kazi katika joto kubwa hutoa, pamoja na kilevi cha kawaida, vilevi vingine vizito ambavyo huunguza koo na kuacha harufu kama ya rangi ya kupakia. Wanywaji husema pombe hii "ina moto". Wapo wanaoisifu wakidhani kwamba moto huo ni nguvu. Sivyo. Ni dalili kwamba chachu iliteswa.

La pili ni uchachu wa siki. Katika hewa kuna bakteria wanaogeuza kilevi kuwa siki, nao hupenda joto na hewa nyingi. Pombe iliyokaa wazi kwenye joto la nyuzi 30 huanza kuwa siki upesi. Siki yenyewe si sumu, lakini ni hasara. Na hasara ndiyo inayomshawishi mpishi kuificha kwa kuongeza sukari, au kwa kutia vitu ambavyo hatavitaja mbele ya mnywaji. Hapo ndipo hatari ya kweli inapoanza. Anayeongeza pombe kali ya kuvukishwa ili kuifufua mbege iliyoharibika amekiacha kinywaji cha wazee na kuingia katika biashara ya kuua watu. Gongo imepigwa marufuku na sheria kwa sababu, na kwenye vinywaji kama hivyo ndiko hupatikana ile sumu ya methanoli inayopofusha macho na kuua.

La tatu ni ukali usiojulikana. Joto huikimbiza chachu. Mbege iliyotegemewa kuwa tayari kesho asubuhi inaweza kuwa tayari usiku wa manane, na hadi wageni wanapofika saa nane mchana imekwisha endelea kuchachuka saa nyingi zaidi ya ilivyokusudiwa. Pombe ya kienyeji haisimami kama bia ya chupa. Iko hai mezani, iko hai ndani ya kata. Kata ya asubuhi na kata ya jioni kutoka pipa lile lile si sawa. Mzee anayejua kwamba kata mbili hazimdhuru atakunywa kata zake mbili jioni na kushangaa miguu inamkatalia. Kijana wa pikipiki naye atahesabu kata, hatahesabu ukali. Sisi tunaamini kwamba mtu ana haki ya kujua anachopewa anywe, na hapo kulitawala joto kunakuwa suala la haki na si la ladha tu.

La nne linahusu saa zile za mwanzo. Ndizi zilizotoka motoni haziwezi kuchachuka mpaka zipoe. Zikipoa polepole sana, zikiwa zimekaa vuguvugu mchana kutwa, vijidudu vingine huzivamia kabla chachu haijajaa. Joto la vuguvugu linapendwa na bakteria wengi waharibifu. Kwa sababu hiyo tunasema: pozeni haraka, kisha chachusheni polepole. Watu wengi hufanya kinyume chake.

WENGINE WALIFANYA NINI

Tatizo hili si letu peke yetu. Kule Bavaria, Kusini mwa Ujerumani, watu walipika bia kwa karne nyingi bila kifaa cha kupoza. Waliona kwamba bia iliyopikwa miezi ya joto huharibika. Mwaka 1553 mtawala wao, Mtemi Albrecht wa Tano, alitoa amri kwamba bia isipikwe kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Georgi, tarehe 23 Aprili, mpaka sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, tarehe 29 Septemba. Kalenda ya watakatifu ikawa ndiyo kipimajoto chao. Wapishi walipika wakati wa baridi, wakaihifadhi bia katika mahandaki, wakainywa wakati wa joto.

Ndipo katika miaka ya 1870 mhandisi Carl von Linde alipotengeneza mashine ya kupoza, na viwanda vya bia vya Ujerumani vilikuwa miongoni mwa wateja wake wa kwanza. Friji zilizoko leo katika hospitali zetu, zile zinazohifadhi chanjo za watoto, ni ndugu wa mashine hiyo. Shida ya bia ya moto ilisaidia kuleta chombo kinachookoa maisha.

Hatusemi tuache kupika tangu Desemba hadi Machi. Mbege haihifadhiki miezi mingi kama bia ile, na sherehe zetu zina majira yake. Tunachosema ni kwamba wale watu waliheshimu joto kiasi cha kulitungia sheria. Sisi tunaweza angalau kulitungia utaratibu nyumbani.

TUFANYEJE NYUMBANI?

Hakuna haja ya umeme wala gharama kubwa. Haya yanatosha:

1. Poza upesi. Gawa ndizi zilizochemshwa katika vyombo vidogo vilivyo vipana badala ya kuziacha katika sufuria moja kubwa. Weka vyombo hivyo ndani ya beseni la maji baridi, na ubadilishe maji yakipata joto. Funika kwa kitambaa safi ili nzi wasiingie.

2. Usichanganye chachu na kitu cha moto. Ukitia chachu, machicha ya pombe ya awali au hamira ya maandazi katika kitu cha moto, umeiua. Kisha utangoja, utaona kimya, utaongeza nyingine, na mwisho hutajua umetia kiasi gani. Ngoja mpaka chombo kisikie ubaridi kidogo ukikigusa kwa mgongo wa mkono. Mwili wa mtu una nyuzi 37, hivyo kinachosikika cha ubaridi kidogo kiko chini ya hapo. Kikisikika kama mwili wako, bado ni cha moto mno.

3. Chagua mahali kabla ya kuchagua siku. Chombo kisikae karibu na mafiga, wala juani, wala katika kibanda cha bati kisicho na dari. Mahali pazuri ni kwenye sakafu ya udongo au saruji, chumba chenye kivuli cha migomba na dirisha linalopitisha upepo. Kipime mara mbili, alfajiri na saa nane mchana. Penye tofauti ndogo ndipo panapofaa. Chachu haipendi kupanda na kushuka.

4. Valisha chombo gunia lenye maji. Funga gunia safi la katani au kitambaa kizito kukizunguka chombo, ukiloweshe, na uweke ncha yake ya chini katika karai la maji ili kiendelee kunyonya. Maji yanapokauka kwa upepo huondoka na joto. Njia hii hufaa sana siku kavu zenye upepo. Siku za mvua na unyevu mwingi husaidia kidogo tu, na hapo beseni la maji ni bora.

5. Pendelea vyombo vidogo. Mapipa mawili ya lita 50 hupoa vizuri kuliko pipa moja la lita 100. Chungu cha udongo kisichopakwa rangi hutoa jasho na kujipoza chenyewe, ingawa ni kigumu kusafisha. Pipa la plastiki huoshwa kwa urahisi lakini hushika joto, na la rangi nzito likipigwa na jua huwa kama jiko. Kamwe usitumie pipa lililowahi kubeba dawa za mimea, mafuta ya mitambo au kemikali yoyote, hata likioshwa mara kumi.

6. Anza jioni. Saa za kwanza ndizo chachu inapofanya kazi kwa nguvu na kutoa joto jingi. Afadhali saa hizo ziangukie usiku wa baridi kuliko adhuhuri.

7. Wenye baridi nao wajihadhari. Ndugu zetu wa vijiji vya juu, mwezi Juni na Julai, wana shida ya kinyume. Chachu ikisinzia, vijidudu vingine hupata nafasi. Wao wavishe chombo blanketi kavu na wakiweke katika chumba chenye jiko, mbali kidogo na moto. Wasikiweke juu ya majivu ya moto ili kukiamsha. Upande wa chini utaungua na wa juu utabaki baridi.

8. Usikaze kifuniko. Gesi inayotoka inahitaji njia. Dumu au chupa iliyofungwa kabisa na kuwekwa kwenye joto inaweza kupasuka na kumjeruhi mtu. Kitambaa safi kilichofungwa vizuri kinatosha.

9. Pata kipimajoto kinachofaa. Kile cha kupimia homa hakifai. Husoma kati ya nyuzi 35 na 42 tu, na kile cha kioo chenye zebaki kinaweza kupasuka katika kitu cha moto na kumwaga zebaki, ambayo ni sumu. Kinachofaa ni kile cha wapima maziwa, kinachosoma kuanzia 0 hadi 100. Familia moja kununua ni gharama, lakini jumuiya ndogo ndogo ikichangia kimoja, kitazunguka nyumba zote mwaka mzima.

Anayefuata utaratibu huu siku chache ataanza kuona jambo: mbege zake zinafanana. Ya wiki hii ni kama ya wiki iliyopita. Huo ndio ufundi, na mnywaji naye huanza kujua kiasi chake.

AMBALO JOTO HALIWEZI KULIPONYA

Tungependa hapa kuondoa imani moja yenye hatari, kwamba moto huua kila kitu kibaya. Mtu huona ulezi au mahindi yameota ukungu akasema, "Tutayapikia pombe, si yatachemka?" Hapana.

Januari 2015, katika mji wa Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu waliokuwa msibani walikunywa pombe ya kienyeji iliyopikwa nyumbani. Watu 75 walikufa. Mwanzoni uvumi ulienea kwamba mtu alitia nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulipokamilika baadaye mwaka ule, haikuonekana nyongo ya mamba wala mchawi. Ilionekana sumu iliyotengenezwa na bakteria waliomea katika unga wa mahindi ulioharibika. Sumu hiyo haiharibiwi kwa kuchemshwa. Unga mbovu uliingia katika chungu, moto ukawaka, pombe ikachachuka kama kawaida, na sumu ikabaki pale pale.

Tunakumbusha jambo hili kwa heshima ya wafiwa wale, na kwa sababu linatufundisha mawili. Kwanza, kabla ya kuwaza joto la pombe, tuwaze hali ya nafaka. Kimea kikaushwe vizuri, kihifadhiwe pakavu, na kilichoota ukungu au kulowana kitupwe, kisipewe hata kuku. Sumukuvu nayo, ile inayotokana na ukungu wa nafaka, haitoki kwa kuchemsha. Pili, tuache tabia ya kumtafuta mchawi kila pombe inapodhuru watu. Uvumi humwumiza asiye na kosa na kukiacha chanzo kikiendelea.

Kuna na maji. Mama anaweza kuchemsha ndizi kwa saa sita, kisha akaongeza maji ya mfereji au ya mto ili pombe ienee kwa wote. Maji hayo yasiyochemshwa huleta magonjwa ya kuhara kana kwamba moto haukuwahi kuwashwa. Maji yote yanayoingia katika mbege baada ya kupoa yawe yamechemshwa, na kata ziwe zimeoshwa.

Mtu akinywa pombe yoyote kisha akaona ukungu machoni, akatapika mfululizo, akaumwa tumbo sana au akapumua kwa shida, asiambiwe alale mpaka imtoke. Apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni usiku, na wanaompeleka wabebe kiasi kidogo cha pombe ile ili waganga waichunguze. Na wote waliokunywa naye watafutwe.

LAWAMA SI YA MPISHI PEKE YAKE

Wanaopika mbege wengi wao ni akina mama. Kwa wengine ndiyo daftari, sare na chumvi ya nyumbani. Ni rahisi kuwahubiria usafi na subira. Lakini tujiulize: nani huwapa muda wa kuwa na subira?

Kamati ya arusi hukaa vikao vitano kuhusu kadi na gari la maharusi, kisha Jumatano hukumbuka mbege ya Jumamosi. Mama akisema siku hazitoshi, huambiwa aongeze hamira na asogeze pipa karibu na jiko. Akikataa, kazi anapewa mwingine. Kwenye vilabu hali ni hiyo hiyo. Mteja hufika mapema, hugonga meza, hutaka ile "yenye moto". Basi mama hujifunza kwamba anayepika vizuri hupoteza wateja na anayeharakisha hupata. Sisi wanywaji ndio tuliomfundisha hivyo.

Kwa hiyo mapendekezo yetu yanawahusu wengi. Kamati za sherehe ziagize pombe angalau wiki mbili kabla na zitoe sehemu ya malipo mapema, ili mpishi anunue kimea kizuri na apange siku zake. Zimuulize anapopikia na zikaone mahali hapo. Wababa wa nyumba wasaidie kujenga kibanda chenye kivuli na kuteka maji ya kupozea, maana kazi ya kubeba maji ndiyo inayofanya wengi waache kuloweka magunia. Siku ya sherehe, wagawaji waambiwe saa ambayo pombe iliiva, na ile iliyozidi muda imwagwe bila kumwonea mtu haya.

Tena, kila palipo na pipa la mbege pawepo na chombo kingine kilichojaa, cha kutosha na chenye heshima ile ile: chai, maji ya matunda au togwa. Utafiti uliofanywa Tanzania katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba togwa, ikiandaliwa vizuri, uchachu wake huzuia vijidudu vya kuhara visistawi. Lakini togwa nayo iko chini ya sheria ile ile ya joto. Togwa ya leo ni chakula cha mtoto. Ikiachwa siku kadhaa mahali pa joto huanza kuwa pombe. Isionekane bado ina utamu ikapewa mtoto bila kuonjwa na mtu mzima.

Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Pombe ya nyumbani ilikuwa ni ishara ya ujirani: ilipatanisha waliogombea mpaka, ilishukuru waliosaidia kuvuna, iliwakalisha wazee na vijana mahali pamoja. Mwenyeji aliyeipika kwa subira alikuwa anasema kwamba wageni wake wana thamani. Akiipika kwa pupa katika pipa la moto, anasema kinyume chake, hata kama ukumbi umepambwa vizuri.

Basi, mwenye sherehe mwezi ujao, anza leo. Nenda kwa mama unayemwamini, mpe muda, mpe maji, mpe kivuli. Na siku ya siku, onja mwenyewe kwanza, kidogo, kabla hujawapa watu.